Wiki za Kabla ya Ulaya

Jumanne, 22 Aprili 2025

Orodha imepita leo jioni. Wanaosafiri ni wanne: binti wa Sotik wa mita 5,000, Mrefu wa mita 1,500, kijana wa Chepalungu wa kuruka viunzi na maji, na Mdogo wa Kipkelion ambaye ataanza kwa kuwa mdhibiti kasi kwenye mbio za wengine kabla ya kupewa zake. Majina yao siyaandiki humu. Daftari huokotwa.

Meneja anawataka Ulaya mwisho wa Mei. Juni yote ni mashindano madogo ya Ubelgiji na Ujerumani, na miguu ikiitika, pengine mmoja apate nafasi Hengelo au Ostrava. Diamond League tuiache kwanza.

Baada ya chai kocha mkuu alituuliza kila mmoja kinachomkosesha usingizi. Yeye ni majeraha. Anayewakanda miguu akasema ni dawa za dukani, zile mtu hununua akiwa na mafua bila kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti. Mimi nikasema: siku za kati. Akaniuliza siku gani hizo. Nikamwambia ni siku zilizoko kati ya mbio moja na nyingine, wakati mtoto amelala kwenye nyumba ya kupanga katika mji tambarare, hamjui jirani, hana ng'ombe wa kukamua, na jua la Juni halizami mpaka saa nne usiku. Nimewaona wakifika huko na mwili wa kushinda. Mbio ya kwanza safi. Ya pili wanajikokota. Ya tatu jina linafutwa kwenye orodha, na meneja anaandika kwamba mwanariadha "amechoka". Amechoshwa na nini, kama mbio zenyewe zilikuwa mbili tu? Amechoka kwa kukesha na simu, na kwa mazoezi ya siri aliyoyaongeza ili siku iishe.

Tunawafundisha kukimbia kwa miaka. Kungoja hatuwafundishi hata asubuhi moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua ya mawe tena. Mazoezi yalikwisha mapema, kwa bahati. Mashamba ya chini ya barabara yamechanika majani mateke, na wenye chai watakaa siku kadhaa bila cha kupeleka kituoni. Kericho ina sifa hii duniani kote: mwaka 1965 mvua ya mawe ilihesabiwa hapa siku 132, na kuna watafiti waliowahi kusema kwamba vumbi la majani ya chai linalopanda hewani ndilo barafu inaloanza kujijenga juu yake. Mimi sitakataa. Aliyesimama chini ya bati la kambi yetu saa nane mchana ataamini lolote.

Alasiri tulijazana kwenye simu moja kutazama Xiamen. Faith Kipyegon, mzaliwa wa Bomet, alikimbia mita 1,000 kwa dakika 2:29.21. Rekodi ya dunia ya Svetlana Masterkova, 2:28.98, imekaa tangu 1996, na leo ilinusurika kwa upana wa kidole. Kisha Beatrice Chebet wa Londiani akashinda 5,000 kwa 14:27.12. Watoto walipiga kelele mpaka mpishi akaja na mwiko mkononi.

Binti wa Sotik hakupiga kelele. Aliniuliza: "Mama, sasa Chebet anafanya nini mpaka mbio nyingine?" Nikamwambia mwezi ujao ni Rabat, na katikati anaweza kurudi nyumbani akalala kitandani kwake. Hapo ndipo mkubwa na mdogo wanapoachana. Bingwa wa Olimpiki hununuliwa tiketi ya kwenda na kurudi kwa kila mbio. Wetu hawa wanne wana tiketi moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katikati yake wiki nyingi za kukaa.

Jumanne, 29 Aprili

Nairobi na kurudi, kwa alama za vidole za viza. Kericho tuliondoka gizani na kurudi gizani. Kule Mau Summit malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu.

Pasipoti ya binti ililipwa na bonasi ya chai ya baba yake. Mama yake alikuwa mchumaji kwenye shamba kubwa mpaka mashine zilipoingia. Nakumbuka Mei 2023, watu walipozichoma moto mashine hizo hapa Kericho. Yeye hakuwepo, alikuwa nyumbani tayari bila kazi. Kwa hiyo msichana huyu anapanda ndege akiwa amebeba mshahara uliokwisha kukatika wa mtu mwingine. Sijawahi kumsikia akilisema hilo, lakini huhesabu kila shilingi. Kwenye gari aliniuliza kamisheni ya meneja ni kiasi gani. Asilimia 15, kama ilivyo kawaida. Akanyamaza, midomo ikipiga hesabu.

Mrefu sasa yuko kwenye orodha ya wanaopimwa dawa. Tumeketi naye jioni kujaza mahali atakapokuwa. Saa moja kila siku, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku, ajaze atakuwa wapi, na akae hapo kweli. Akikosekana au kukosea kujaza mara tatu katika miezi kumi na miwili, anahesabiwa amevunja kanuni za dawa, na kufungiwa ni miaka miwili, ambayo inaweza kupunguzwa hadi mmoja. Amechagua saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwonya kwamba akihama nyumba Ubelgiji, abadilishe anwani kabla ya kufunga begi.

Jumapili, 4 Mei

Nimemwona mjomba Molo. Miguu imemwishia, akili iko. Nilimsimulia habari za safari, naye akaingia chumbani akatoka na burashi ya babu. Nilikuwa sijaiona tangu utotoni. Ni ya mbao, mgongo umekuwa mweusi kwa jasho la kiganja, ukanda wa ngozi umeshonwa upya kwa uzi wa gunia, na nywele zake upande mmoja zimelika mpaka kwenye mbao kwa sababu babu alikuwa wa mkono wa kushoto.

Babu alikuwa saisi kwenye zizi la farasi wa mbio la mzungu mmoja, miaka ya 1950. Molo na Njoro zilikuwa nchi ya farasi kabla ya hapo. Beryl Markham, yule aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, alifunza farasi Molo akiwa bado kijana, na kijana wa Kikalenjin ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Mbio kubwa zilikuwa Nairobi, na kuanzia 1954 ni uwanja wa Ngong, ambapo farasi wanakimbia mpaka leo. Wa huku juu walisafirishwa kwa treni.

Nilimuuliza mjomba walikuwa wakiwaandaaje. Nilitarajia anieleze mbio za asubuhi. Akanieleza safari. Kwamba wiki kadhaa kabla, farasi alikuwa akiingizwa kwenye kibanda chembamba upana wa behewa, akilishwa humo humo, ili siku ya treni asione kitu kigeni. Kwamba siku ya kuondoka nafaka ilipunguzwa na nyasi kavu zikaongezwa, maana farasi aliyesimama behewani na tumbo la shayiri huugua. Miguu ilifungwa bendeji. Maji yalibebwa kwa mapipa kutoka nyumbani, kwa sababu farasi wengi hukataa maji ya mahali wasipopajua. Saisi alilala behewani na farasi wake. Wakishafika, siku za kwanza ni kutembezwa kwa mkono tu, hakuna kupigwa mbio.

"Na akikataa kula huko?" nikamuuliza.

"Mmoja alikataa," akasema. "Babu yako alikuwa amebaki huku na homa, akatumwa mwingine. Ilibidi babu yako atiwe kwenye treni akiwa mgonjwa, akalale naye zizini. Akala."

Nimerudi na jambo moja kichwani: kibanda chembamba. Nitawatengenezea wangu kibanda, hapa hapa, kabla hawajakiona cha kweli.

Jumatano, 7 Mei

Ahero. Tuliondoka saa kumi alfajiri, tukashuka kupitia Awasi, na kulipopambazuka tulikuwa kwenye barabara za mifereji kati ya mashamba ya mpunga. Kwetu Kericho tuko zaidi kidogo ya mita 2,000 juu ya bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya moja ya tano ukilinganisha na pwani. Hilo ndilo linalotujengea damu. Lakini pia linatunyima kasi: mtoto hawezi kurudia mwendo wa mbio za Ulaya hapa mara nyingi, mapafu yanamkatalia kabla miguu haijajifunza. Ahero iko chini kwa karibu nusu ya urefu huo, tena tambarare kabisa.

Tulipima mita 300 kwa gurudumu kando ya mfereji mkuu. Mrefu, ambaye kwetu hukimbia kipande hicho kwa sekunde 43 akiwa ameng'ata meno, alikikimbia kwa 41 na uso umelegea. Alipomaliza aligeuka akatazama njia kana kwamba tumemkata urefu. Akaomba tupime tena. Tukapima tena mbele yake.

Nilimtazama zaidi kifundo cha mguu wa kulia. Kwetu, kwa sababu ya miteremko, hutua na nje ya mguu kisha kuuzungusha ndani. Kwenye tambarare mzunguko ule ulipotea kuanzia kipande cha nne. Wa kumkanda amesema hivyo hivyo bila mimi kumwambia. Tutarudi Ahero kila wiki mpaka waondoke. Gharama ya mafuta nitaitafuta.

Joto lilimchosha Mdogo. Wanawake waliokuwa wakipandikiza mpunga walimpa maji, akayakataa kwa aibu, nikamwambia ayanywe.

Jumatatu, 12 Mei

Viatu. Kijana wa Chepalungu alipewa na mwanariadha mkubwa jozi ya spaiki nzuri ajabu, soli laini inayomrusha. Tatizo ni kwamba tangu 1 Novemba 2024 soli ya spaiki za uwanjani haipaswi kuzidi milimita 20 kwa mbio zote. Zamani za mita 800 kwenda juu ziliruhusiwa 25. Tumeitafuta jozi hiyo kwenye orodha ya viatu vilivyoidhinishwa na Riadha Duniani. Haimo tena. Angevaa, angekimbia, na muda wake ungefutwa.

Alizifunga kwenye karatasi akasema atampa ndugu yake wa kijijini akimbie nazo kwenye mashindano ya shule. Sikumzuia.

Alhamisi, 15 Mei

Kibanda kimeanza. Nyumba ya vyumba viwili, Kericho mjini, nyuma ya stendi. Wako wote wanne, mmoja wa walinzi wa kambi analala sebuleni. Masharti ni kama ya Ulaya: hakuna kwenda nyumbani hata kama nyumbani ni mwendo wa matatu moja, mbio nyepesi ya dakika arobaini asubuhi na hakuna nyingine, wanapika wenyewe kwa unga na mboga walizonunua wenyewe, taa zinabaki zimewashwa mpaka saa nne usiku na mtu ajifunze kusinzia mwangaza ukiwepo. Mbio yao "itakuwa" Jumatatu: kipimo cha kweli, kwa saa, uwanjani.

Kocha mkuu anaona ninapoteza siku za mazoezi. Nimemwomba aninyamazie mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Jana ilianza kuonyesha sura.

Mrefu alikimbia kwa siri. Mlinzi hakumwona akitoka, lakini raba zake zilikuwa na tope jekundu, na barabara ya asubuhi ni ya lami. Sikumgombeza. Nilimuuliza alihisi nini kabla ya kutoka. Akasema: "Nilihisi kama nimesahaulika, Kocha." Ana umri wa miaka ishirini na mbili, na tangu azaliwe hajawahi kukaa siku nzima bila mtu kumtuma kazi. Mchana nikampa daftari la mazoezi la wote wanne: aandike kila mtu amelala kwa saa ngapi, amekula nini, moyo umepiga mara ngapi kwa dakika asubuhi. Jioni nilimkuta amechora mistari kwa rula na anamfokea Chepalungu kwa kutopima. Leo hakutoka.

Binti ana uzi wake. Anafuma vitambaa vya meza vya maua, ambavyo mama yake huviuza sokoni Sotik. Nimemwambia aende na mabunda ya kutosha. Shida yake ni simu: nyumbani wanampigia na kila tatizo, ndama ameharisha, karo, mjomba amelewa. Nimempigia baba yake nikamwita kwa heshima zote na kumwomba habari mbaya zipitie kwangu hadi Julai. Akanyamaza kidogo. "Sawa, Kocha. Lakini nzuri tutampigia." Nzuri wampigie.

Chepalungu na Mdogo wamegombania ugali. Mmoja anaupenda mgumu, mwingine laini. Ni jambo dogo sana hapa. Kule, baada ya mbio mbaya, watu wameacha kusalimiana kwa jambo dogo kuliko hilo. Chepalungu ndiye mpishi rasmi sasa, na neno lake jikoni ni la mwisho.

Mdogo bado sina dawa yake. Analala mchana kutwa kisha usiku anatembea chumbani.

Usiku niliwaeleza habari za Wilson Kiprugut Chumo, kwa sababu niligundua wawili kati yao hawamjui, na mtu huyu ni wa hapa Kericho. Tokyo 1964, mita 800, shaba kwa 1:45.9: medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, nchi haijafikisha hata mwaka mmoja wa uhuru. Miaka minne baadaye Mexico akachukua fedha. Alifariki Novemba 2022. Mrefu akauliza kule Tokyo alikula nini. Swali zuri.

Jumatatu, 19 Mei

Kipimo. Binti amekimbia vizuri kuliko wakati wowote mwaka huu akiwa Kericho. Mrefu sawa. Chepalungu amegonga kiunzi cha maji kwa goti, hakuumia. Mdogo mzito kama gogo.

Kocha mkuu hakusema kitu. Aliniuliza tu ile nyumba inalipiwa mpaka lini.

Jumapili, 25 Mei

Rabat. Chebet, mita 3,000 kwa 8:11.56. Mwanamke wa pili kwa kasi katika historia ya umbali huo, nyuma ya Wang Junxia wa China wa mwaka 1993. Msichana wa Londiani, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Binti wa Sotik safari hii alipiga kelele.

Jumatano, 28 Mei

Mabegi. Unga wa mahindi umepimwa na kugawanywa kwa wote wanne ili pasiwe na begi linalozidi uzito. Majani ya chai ya kiwanda cha kwetu, kwenye pakiti zilizofungwa. Mama wa Mdogo alileta kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, yametiwa masizi vizuri, harufu ikajaa ofisi. Ilibidi nimweleze kwamba maziwa na nyama havivuki forodha ya Ulaya kutoka huku, vitatupwa kwenye uwanja wa ndege. Alisikitika kweli. "Sasa atakunywa nini kabla ya mbio?" Tukakubaliana anywe sasa, hapa hapa, na kilichobaki wanywe wenzake. Walikunywa wamesimama, wakipokezana kikombe kimoja. Kongoi, asante, wakasema wote.

Nimewaandikia karatasi ya ukutani. Siku mbili za kwanza kutembea tu na kukimbia taratibu. Kasi isiguswe mpaka niseme. Simu zikusanywe na Chepalungu saa tatu usiku. Nilipokuwa Teddington enzi zangu, kwenye nyumba ya Wakenya karibu na Bushy Park, hakuna aliyetuandikia karatasi. Ile bustani ni nzuri mno, nyasi tupu na paa, na ndiyo maana tulijiua kwa mazoezi humo.

Mdogo nimempa burashi ya babu. Mjomba ameridhia. Kijana anaipenda kazi ya mikono, na kule wanakokaa kuna mzee jirani mwenye farasi wawili. Meneja ameniambia hivyo kwenye simu bila kujua anachonipa. Nimemwomba amwulize mzee huyo kama kijana anaweza kuwasugua farasi wake mchana.

Jumapili, 8 Juni

Wamekimbia jana, Ubelgiji, mashindano ya klabu. Binti wa nne, muda wake bora. Mrefu wa tano, alizingirwa mzunguko wa mwisho na hakupata mlango. Chepalungu wa pili. Mdogo aliongoza mbio za 1,500 hadi mita 900 kwa mwendo alioagizwa, akatoka. Mwandalizi amemwomba tena Jumatano.

Nimezungumza na Mrefu. Daftari analo, amenisomea. Mdogo amelala kwa saa sita usiku wa Ijumaa, na kwa saa tano usiku wa jana. Farasi anawasugua kila alasiri. Moyo wake asubuhi ya leo umepiga 52 kwa dakika, na nyumbani ni 44.

Meneja anataka akubali Jumatano, ni euro mia kadhaa na jina linajulikana. Nimekataa. Atapinga, na kesho nitampigia mapema kabla hajamthibitishia mtu. Mdogo akimbie Jumapili ijayo, moyo ukishuka chini ya 47. Usiposhuka, asikimbie hiyo pia.